Aliyemvuta Polisi Mtaroni

Verlyn Skaarup alikutana na uso wake mwenyewe juu ya kaunta ya mgahawa wa Bernice, umebandikwa kwenye ndoo tupu ya aiskrimu. Ilikuwa picha ya miaka saba nyuma, siku ya pikiniki ya kanisa, ameshika hindi la kuchemsha na anamchekea mtu ambaye mkasi ulimwacha nje. Mtu huyo alikuwa Lorraine, marehemu mkewe. Chini ya picha, fundi wa mwandiko alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: TUMCHANGIE VERLYN APATE WAKILI. ALIMVUTA POLISI MTARONI, POLISI AKAMTIA PINGU. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umetobolewa tundu la kupitishia noti.

Alinyoosha mkono aigeuze ndoo, uso wake uangalie ukutani.

"Usiiguse!" Bernice alimkemea kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye mgahawa na mwenye mji pia, ukitaka ukweli. "Hiyo si yako, ni yetu."

"Bernice, mimi sikuomba."

"Nani kakwambia uliomba? Siku utakayoomba kitu wewe, tutajua umeshikwa na homa ya ubongo. Kaa chini, kahawa inakuja."

Kwenye meza ya duara dirishani, wakulima wanne waliokwisha kukamua ng'ombe asubuhi ile waliangua kicheko. "Mvuta Polisi huyo!" mmoja akapaza sauti. "Bwana, mimi nikidumbukia mtaroni usiache kuja, ila kwanza usukutue kinywa!" Wakacheka tena, wakasogeza kiti. Verlyn akakaa kwenye ukingo wa kiti hicho, kofia mapajani, macho kwenye kahawa.

Pale Elvestad, karibu na mpaka wa Kanada, ambako theluji hukaa nusu mwaka kama mgeni asiyejua kuaga, kuna sheria moja ambayo bunge halikuitunga. Gari lililo mtaroni halipitwi. Awe adui yako, awe mtu uliyemshtaki kwa mpaka wa shamba, unasimama, unatoa mnyororo nyuma ya kiti, unamvuta, naye anasema ahsante, nawe unasema si kitu, basi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaijua sheria hiyo kabla ya kujua Baba Yetu mpaka mwisho. Kwa hiyo habari ilipofika mjini kwamba Verlyn alisimama katika tufani kumvuta naibu sherifu Janelle Rusk, na kwamba Janelle, miguu yake ilipokanyaga lami tu, alimpima ulevi mtu aliyemwokoa, mji ulichemka. Pingu zenyewe hakuna aliyemfunga. Lakini hadithi nzuri haikosi wa kuiongezea chumvi, na pingu ziliingia siku ya pili.

Watu walimwona Verlyn akiinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Walisema, mwone huyo, hata kujisifu hajui. Lo! Siri ya mtungi aijuaye kata. Alikuwa anaona haya, haya ya kweli, inayomchoma mtu masikio na kumnyima chakula, na kila aliyempigapiga begani alikuwa anaichochea.

Kengele ya mlangoni ililia. Janelle Rusk aliingia akiwa na sare yake, mkono wa kushoto uliovunjika ukiwa kwenye plasta ngumu hadi kiwikoni. Hakuwa amefika thelathini bado.

"Habari za asubuhi," alisema. "Kahawa moja, Bernice. Ya kuchukua."

"Imekwisha."

Birika lilikuwa nyuma yake, limejaa hadi shingoni, linafuka moshi. Janelle aliliangalia. Akaiangalia ndoo, akasoma maneno yake yote bila haraka. Kisha akageuka, macho yake yakakutana na ya Verlyn.

"Verlyn," alisema, akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka.

"Hana haya huyo," mkulima mmoja alisema. "Binti yake juzi kamlilia mwalimu kwamba wenzake wamegoma kukaa naye kwenye basi la shule. Sasa mtoto ana kosa gani? Lakini ndivyo ilivyo, mama akipanda, mwana huvuna."

Verlyn alitaka ardhi ipasuke immeze. Alisimama, akaacha kahawa haijaguswa, akatoka kupitia mlango wa nyuma ili asipishane na mtu yeyote barabarani.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Yeye na Duane, kaka wa Lorraine, walishinda ziwani katika kibanda cha mbao cha kuvulia samaki, juu ya barafu, jiko dogo linawaka na brandi inazunguka kati yao. Mpaka kikombe cha tatu Verlyn alikuwa anahesabu. Baada ya hapo aliacha, maana kuhesabu kulikuwa kunamharibia starehe. Saa kumi alasiri alipanda pikapu yake kurudi nyumbani upande wa magharibi, na hakujiona amelewa. Alijiona mtu mzima aliyepata joto.

Kwenye kona ya shamba la Nygaard upepo ulikuwa unaipuliza theluji kuvuka barabara. Verlyn aliinamia kisanduku cha mbele kutafuta peremende, za kuua harufu. Alipoinua kichwa, taa mbili zilikuwa usoni pake na yeye alikuwa katikati ya barabara, ameacha upande wake. Alikata usukani. Zile taa zilimpita ubavuni, zikapotea. Alitazama kwenye kioo, akaona weupe mtupu.

Hakusimama. Hapo ndipo penye kidonda. Alijiambia, huyo kapita salama. Akapita sanduku la barua la kwanza, lililosimama kando ya barabara kwenye lango la shamba, akijiambia hivyo, akapita la pili. Kwenye la tatu mikono yake yenyewe ilikata kona ikaingia kwenye lango la mtu, ikageuza gari. Mpaka leo hawezi kusema ilikuwa ni ujasiri.

Aliporudi alimkuta Janelle amesimama kando ya barabara, ameukumbatia mkono wake, na gari la sherifu limelala ubavu chini mtaroni.

"Verlyn! Mungu kakuleta!" alisema, na meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. "Kuna mwendawazimu mmoja kanijia katikati ya barabara, mbio, hata taa hakupunguza. Umepishana naye?"

Kinywa cha Verlyn kilikuwa kimejaa peremende.

"Sijapishana na mtu," alisema.

Kisha akafunga mnyororo, akavuta, kwa ufundi uleule wa miaka arobaini, na gari likapanda. Wakati anaukunja mnyororo ndipo upepo ulipogeuka, na Janelle akasikia kilichokuwa chini ya peremende.

"Verlyn, umekunywa?"

"Kidogo."

Binti wa watu alifumba macho. "Ningetoa chochote isiwe hivi," alisema. Akaita mwenzake kwa redio, kwa mkono mmoja, na walipokuwa wanamngoja alimketisha Verlyn kwenye gari lake lenye joto na kumfungia mkanda, kama mtu anavyomfungia mkanda baba yake.

*

Ukiuliza Verlyn alikuwa na nini cha kupoteza, jibu ni lori. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akikusanya maziwa, mashamba kumi na saba kila alfajiri, jua la kiangazi na baridi ya kupasua mawe. Wenye ng'ombe hawakuhitaji saa; walisema Verlyn amefika, wakajua ni saa ngapi. Tajiri wake alikuwa amemweka nyumbani mpaka kesi iamuliwe. Akishinda, anarudi usukani siku ya pili. Akitiwa hatiani, hata kwa kosa la kwanza, leseni ya lori inakwenda mwaka mzima, na tajiri hawezi kuyaweka maziwa mwaka mzima yamngoje mtu wa miaka sitini na mmoja. Angekuwa amekwisha. Angekaa na ile nyumba ambayo Lorraine hayumo, asikie lori lake likipita na mtu mwingine ndani.

"Kwa hiyo hakuna cha kufikiria," Duane alisema. Walikuwa jikoni kwa Duane, na mgeni wao alikuwa Dale Fremstad, wakili kutoka mji mkubwa, aliyekuja kwa koti la sufu na viatu visivyofaa kwa theluji. Ndoo ilikuwa imekwisha kumlipa nusu, na nusu nyingine ingetoka kwenye chakula cha changizo cha Ijumaa, katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Mabango yalikuwa yamekwisha kubandikwa.

Fremstad alikuwa mtu wa maneno matamu, na alijua kazi yake. Aliweka kalamu sambamba na karatasi. "Mzee, hakuna aliyekusimamisha. Hukuyumba, hukuvunja sheria yoyote mbele ya macho ya mtu. Ulikwenda mwenyewe, kwa hiari yako, kumsaidia mtu aliyeumia. Mimi nipe watu sita tu wa wilaya hii, watu sita waliowahi kuvutwa kutoka mtaroni, niwaweke kwenye baraza la raia wanaoamua kesi. Watarudi na jibu kabla kahawa haijapoa."

"Unaona?" Duane alimpiga shemeji yake goti. "Sita! Mimi nitakupatia mia."

"Lakini nilikuwa nimekunywa," Verlyn alisema.

"Hilo liache kwangu," Fremstad alisema kwa upole. Akafungua ripoti ya polisi, akafuata mistari kwa kidole. "Nyinyi mlikuwa ziwani, mashariki. Unarudi nyumbani, magharibi. Na afisa ameandika kwamba ulimfikia ukitokea..." Kidole kilisimama. Alisoma mstari ule tena. "Ukitokea magharibi."

Duane alikuwa amekwenda kuongeza kuni, hakusikia kitu. Verlyn alifungua kinywa.

"Usinijibu," Fremstad alisema haraka, kiganja kimeinuka. "Sijauliza swali." Aliifunga ripoti, akaigeuza kifudifudi. "Afisa ameandika mwelekeo, basi, hakuongeza neno. Mwendesha mashtaka hajaligusa. Na mimi kuna mambo sipendi kuambiwa kabla ya kesi. Tuendelee."

Wakaendelea. Fremstad alieleza hili na lile, na Verlyn aliitikia kwa kichwa mahali pa kuitikia, lakini mawazo yalikuwa yamebaki kwenye ule mstari. Ameandika mwelekeo, hakuongeza neno. Ama Janelle Rusk alikuwa hajaunganisha mambo, ama alikwisha kuyaunganisha, akayaandika pale mahali ambapo mwenye macho angeyaona, na sasa alikuwa anakunywa dharau ya mji mzima akingoja mtu mmoja afungue kinywa. Verlyn hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimuumiza zaidi.

*

Ofisi ya mawakili wa umma ilikuwa chini kabisa, kwenye ghorofa ya ardhini ya jengo la mahakama, pembeni ya chumba cha mitambo ya joto. Kumfikia wakili kulitaka fomu, na fomu ilitaka mtu aape kwamba hana uwezo. Pale Elvestad, babu zao waliotoka Norwe waliona heri kula viazi vilivyoganda kuliko kubisha mlango wa jirani, na wajukuu wao bado wanajivunia viazi hivyo. Verlyn alijaza fomu wima, mgongo kwa mlango. Karani alikuwa amesoma darasa moja na Lorraine. Aliipokea karatasi bila kumtazama usoni, akashusha sauti, "Siku hizi wanakuja wengi, Verlyn, wala usijali," na huruma ile ilimshinda Verlyn kuliko tusi.

Wakili aliitwa Pahoua Vang, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na mitano hivi, aliyebeba mafaili yake kwenye kikapu cha plastiki cha kufulia nguo. Alikitua mezani kwa kishindo.

"Nina dakika kumi, baba, nisamehe. Kumi na mbili nikikosa adabu." Alichomoa faili lake. "Ala! Kumbe wewe ndiye yule wa ndoo. Mimi mwenyewe nilitaka kutia chochote, halafu nikakumbuka kazi yangu. Sasa nambie, watu wamekuchangia Fremstad. Ni wakili mzuri kuliko mimi kwa kesi kama hii. Ana muda, mimi sina. Kwa nini uko huku?"

Verlyn alikuwa ameandaa jibu kuhusu kutopenda kula vya watu. Liligoma kutoka.

"Kwa sababu atashinda," alisema.

Pahoua Vang alifunga kalamu. Verlyn akamweleza: peremende, taa, sanduku la kwanza la barua, la pili, la tatu, na lile swali la Janelle, na jibu lake. Alikuwa hajayasema kwa sauti tangu yatokee, hata peke yake, hata kwa picha ya Lorraine. Yalitoka makavu na mafupi, na alishangaa jambo zito vile kumbe linaenea kwenye dakika mbili.

"Sawa," Pahoua alisema. "Kwanza, mimi siwezi kumwambia mtu yeyote haya. Hata ukifa siwezi. Pili, hakuna sheria ya kukulazimisha uyaseme. Ukitaka, tunakwenda Jumanne, unakiri kunywa na kuendesha, nakuuliza maswali matatu, unajibu ndiyo mara tatu, tunakwenda nyumbani. Kosa la kwanza: faini, madarasa ya jioni, leseni."

"Na nikisema yote?"

"Ukisema yote, mwendesha mashtaka anaweza kuongeza mashtaka. Kuendesha kwa hatari, kumdanganya afisa. Unaweza kulala ndani. Na ule mkono wa yule dada, mtu anaweza kukudai." Alimtazama sawasawa. "Sikutishi. Ndiyo kazi yangu kukwambia."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Ningenyamaza. Karibu kila anayekaa kwenye kiti hicho namwambia anyamaze, na ni ushauri mzuri, usiudharau." Alikuwa amekwisha kusimama, kikapu kiunoni. "Nikuzuie nisikuzuie, kichwa ni chako. Ila ukiamua lolote, mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako. Hilo ndilo fomu yako ililokupatia."

Duane alikuwa anamngoja kwenye gari. Aliposikia, nusura ajigonge kwenye usukani.

"Umerogwa wewe? Watu wametoa pesa za mifukoni, Bernice amejinyima usingizi kwa ajili ya mkate wa nyama wa watu mia mbili, halafu wewe unakwenda kuchukua wakili wa bure? Unatuambia nini sisi? Kwamba msaada wetu unanuka?"

"Mwambie Bernice afute chakula cha Ijumaa. Za kwenye ndoo wazirudishe."

"Mwambie mwenyewe! Mimi bado nayataka maisha yangu." Duane aliwasha gari, akaingia barabarani, kisha akasema kwa sauti nyingine, "Ni mimi niliyekumiminia, Verlyn. Unajua hilo. Kama ni mimi unayenilipiza, sema."

"Si wewe. Ningekuwa nimefunga kinywa, ungemimina wapi?"

Chakula cha Ijumaa hakikufutwa. Alipompigia simu, Bernice alisema watu wameshapika, na kwamba mtu asiyejua kupokea ana kiburi kuliko mtu asiyejua kutoa, na akakata. Verlyn hakwenda. Watu wakasema, mwone, anaona haya hata kuja kushangiliwa. Wakampenda zaidi, wakaongeza.

*

Jumanne mgahawa ulifungwa asubuhi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mazishi ya mume wa Bernice. Wote walikuwa mahakamani. Walikaa kwenye mabenchi ya mbao kama wako ibadani, makoti yamefunguliwa, chupa za chai miguuni, na Verlyn alipoingia walimpigia makofi mpaka mlinzi akawanyamazisha. Fremstad alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba mkononi, tayari kuitwa iwapo mzee angerudiwa na akili. Duane alimpungia.

Janelle Rusk aliingia mwisho. Alitafuta nafasi. Kwenye benchi la tatu ilikuwepo, pembeni ya Bernice, na Bernice aliivua skafu yake polepole, akaikunja, akaiweka pale, na juu ya skafu akaweka koti. Janelle akaenda kusimama ukutani, mkono wenye plasta umeegemezwa kwenye mwingine.

Verlyn aliyaona yote hayo.

Hakimu, mama mwenye miwani ya kamba, aliliita jina lake. "Bwana Skaarup, una wakili?"

"Wakili wa umma, Mheshimiwa. Huyu hapa."

"Lo!" Bernice alisema, na sauti yake ikafika mbele.

Pahoua Vang alijitambulisha. Hakimu akasoma shtaka, akauliza anajibu nini. Verlyn akasema ana hatia. Mabenchi yalinung'unika, mtu akasema kwa mnong'ono wa kusikika kwamba ndiyo faida ya vya bure, binti hata hakujaribu. Masikio ya Pahoua yalibadilika rangi, lakini karatasi yake aliishika imara.

"Siku hiyo uliendesha gari barabarani?"

"Ndiyo."

"Kabla ya hapo ulikuwa umekunywa pombe?"

"Ndiyo."

"Na hukatai kwamba kipimo kilizidi kiwango cha sheria?"

"Sikatai."

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa." Alikaa. Kisha, chinichini, bila kugeuza kichwa, akamwambia Verlyn, "Hapa ndipo watu wanapokaa chini."

Verlyn alitaka kukaa. Miguu ilimtaka akae. Aliiwaza alfajiri, taa za mabanda ya ng'ombe zikiwaka moja baada ya nyingine kwenye giza kadiri anavyokaribia, na akajua anaziona kwa mara ya mwisho akiwa mtu wa kupendwa. Alibaki wima.

"Bwana Skaarup," hakimu alisema, "kuna jambo unataka kuongeza?"

"Ndiyo, mama." Alitakiwa amwangalie hakimu, lakini alijikuta amegeuka nusu, kuelekea ukutani. "Yule afisa pale aliniuliza swali siku ile. Amesimama barabarani, mkono umevunjika, akaniuliza kama nimepishana na mtu. Nikamwambia sijapishana na mtu." Akapumua. "Nilipishana naye yeye. Yule wa katikati ya barabara nilikuwa mimi. Nilimwacha mtaroni, nikaenda zangu masanduku matatu ya barua, ndipo nikarudi kumvuta."

Kalamu ya karani ilisikika, kisha nayo ikanyamaza. Pahoua Vang alikuwa amekaa pembeni yake, hajasogea hata inchi. Mwendesha mashtaka aliinua kichwa kutoka kwenye faili kama mtu aliyeitwa jina. Hakimu alivua miwani.

Verlyn alimwangalia Janelle Rusk apate kuona kama alikuwa akijua au hakuwa akijua, na uso wake haukumwambia. Janelle hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anawatazama watu wa mabenchini, mmoja mmoja, benchi kwa benchi, na kila alipofika, macho yalishuka sakafuni.

Bernice alilichukua koti lake. Akaichukua na skafu, akavipakata vyote viwili mapajani, akajisogeza, nafasi ikabaki wazi, pana ya kutosha watu wawili.

Janelle aliiona ile nafasi. Aliiangalia kwa muda, kisha akauegemeza vizuri zaidi mkono wake mbovu, akabaki amesimama palepale ukutani.